Nitakuachia Popo Wako

Ukiwa umeshika karatasi hizi, basi nawe umo katika njia ya sindano, au una mtu wako aliyemo na hujui umwambie nini. Mimi nimetokea upande wa pili. Sina la kukufundisha kuhusu dawa, majina yake yalinishinda tangu siku ya kwanza na daktari mwenyewe akaacha kuyarudia. Nitakueleza tu ilivyokuwa kukaa na kungoja, kubadilika mwili, kugombana na watu ninaowapenda, na jinsi popo walivyonirudisha hospitali. Najua hilo la mwisho linavyosikika. Wewe endelea kusoma.

Nilikuwa mwalimu wa wasichana hapa Ibra. Nilizaliwa Unguja, nikaja Oman msichana mkubwa, nikaolewa na Seif, ambaye asili yao ni Ibra lakini naye kazaliwa Unguja kama mimi. Uvimbe niliuona mwenyewe nikikoga, joto la mwaka wa tisini na nne, nikaunyamazia mpaka shule zilipofunguliwa. Wewe usiunyamazie. Nikakatwa titi la kushoto huko Maskati, na daktari akasema baada ya hapo nitapigwa sindano sita, kila moja wiki tatu baada ya mwenzake, mradi damu yangu ikubali. Kila safari walinipima kwanza. Damu ikikataa, unarudi nyumbani na sindano yako inasubiri, na maradhi hayasubiri.

Kwetu mgonjwa hatembelewi, huvamiwa. Baada ya sindano ya kwanza ukumbi wetu wa mjini haukukauka watu. Walikuja wa Ibra, wakaja wa Al Kamil, wakaja wa Sur gari zima, kila mmoja na birika lake la kahawa, halua, tende na chetezo cha udi. Kila mmoja alinibusu. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa, walisema "maradhi yale" na kushusha sauti kama yamekaa nasi pale pale kwenye busati. Udi niliokuwa nikiupenda tangu nilipokuwa bibi harusi ulinitapisha mbele ya wageni, na wageni wakasema nimepatwa na jicho la hasidi, wakazidisha udi.

Baada ya sindano ya pili nikashikwa na homa. Damu ikakataa, ya tatu ikaahirishwa wiki mbili. Daktari akamwambia Seif nyumba yetu ina watu wengi kuliko hospitali yake, na tukiendelea hivyo atakuwa anatia maji kwenye pakacha.

Basi Seif akanihamisha. Nje kidogo ya mji wana shamba la mitende, na ndani yake mna nyumba ya udongo ya wazee wake, ghorofa ya juu imebomoka nusu, na ubavuni alikuwa amejenga vyumba viwili vya matofali. Maji ya falaji, ule mfereji wetu wa kale, yanapita mbele ya mlango na kuingia katika birika kubwa la kumwagilia. Thuraya, binti yetu, akabaki mjini kwa shangazi yake kwa ajili ya shule, akawa anakuja Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko huku. Nilipoanza kunyonyoka nywele alikuwa akiniamkia huku anatazama ukuta. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe kioo nilikigeuza.

Aliyekuja kukaa nami shambani ni mavyaa wangu, mama yake Seif, Bi Zuwena. Alikuwa mjane, na ameishi nasi tangu nilipoolewa. Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi, wala hatukuwa na mapenzi. Tulikuwa na adabu. Kumfungia mgeni mlango kulimuumiza kuliko ugonjwa wangu, au ndivyo nilivyodhani.

"Aib," alikuwa akisema kila akisikia gari njiani. "Watu wanatoka kwao wanakuja kukutazama, na sisi tumejificha huku kama tuna deni."

Akienda mlangoni anawaambia nimelala, wanamwachia halua, anarudi anainamisha kichwa. Halua ilijaa kabati.

Chumba cha kungojea cha hospitali nitakueleza kidogo, maana ndiko utakakoshinda siku zako nyingi. Viti vinateleza, televisheni haizimwi, na kila mmoja anamtazama mwenzake kucha kujua yuko sindano ya ngapi. Za kwangu zilikuwa nyeusi kufikia ya tatu. Huko nilimpata Bi Maryam wa Nizwa, aliyekulia bara, Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alinisikia nikimwamkia bibi mmoja shikamoo, akahama kiti.

"Dada, wewe ni wa ngapi? Mimi wa tano. Usipaniki. Chukua hii." Akanitilia mkononi kipande cha ndimu kavu. "Fyonza wakati wanakutia dripu. Mdomo hautaonja chuma."

Ilisaidia. Huenda ikakusaidia na wewe.

Sindano ya nne nilipigwa mwanzoni mwa Januari. Baridi ya Ibra usiichezee, hasa ukiwa huna nywele. Nilirudi shambani nikalala siku ambazo sikuzihesabu. Jasho langu lilinuka dawa. Vidole vilikufa ganzi, nikishika kikombe sijui kama nimekishika mpaka nikitazame. Seif alinimenyea chungwa, akaniwekea kipande mdomoni, nikakitema.

"Siendi tena," nikasema.

Mavyaa alikuwa mlangoni anapeta mchele. "Huendi wapi?"

"Maskati. Nne zinatosha."

"Nani kasema zinatosha?"

"Mwili wangu, Mama."

"Mwili wako umesomea wapi udaktari?" Akaweka ungo chini. "Unataka kufa, Raya?"

"Nataka kula. Nataka nile chungwa nisikie chungwa."

Seif alisimama akaenda kusali, na haukuwa wakati wa sala. Kwa siku nyingi hakuna aliyelitaja tena. Nilikuwa nimekata shauri kweli, sikuwa natisha watu. Nakuambia haya kwa sababu siku hiyo itakuja kwako pia, na utajiona wewe tu ndiye mwoga.

Kwa kuwa chumba kilinuka mimi, nikawa nakaa nje, juu ya busati kando ya birika, blanketi mpaka masikioni. Shamba wakati wa baridi ni kimya. Mbuzi na kuku wetu wapo, njiwa wapo, punda wa jirani yupo, basi. Jioni moja katikati ya mwezi ule, jua limeshazama nyuma ya mlima, kitu kikapita juu ya maji, kikayagusa, kikaacha duara. Nilidhani jani. Kikapita kingine. Nikanyanyua macho nikawaona wanatoka katika dirisha lililovunjika la nyumba ya udongo, mmoja, kisha wawili pamoja, kisha sikuweza kuwafuata. Popo wadogo, mwili wa mmoja haushindi kidole gumba. Saidi, mtunza mitende wetu, alikuwa anafunga maji. Akasema kwa Kiarabu kwamba wamerudi, baridi imevunjika, na akaendelea na kazi yake.

Sijui nikueleze vipi. Miezi mitano kila kilichonitokea kilikuwa kimeandikwa na daktari. Hawa hawakuwa na habari nami. Nilikaa mpaka giza likanizuia kuona, na nilipoingia ndani nikagundua kwamba sikufikiria titi langu kwa muda wote ule.

Kesho yake nikatoka mapema kuwangojea. Nikawa na miadi ya kwangu, si ya hospitali. Na ukishaanza kutazama huachi. Baada ya popo wakaja kereng'ende wekundu juu ya falaji. Usiku mmoja vyura wakaanza, na mavyaa akalalamika mpaka asubuhi. Kalunguyeye akatoka chini ya rundo la makuti, mchafu, anatembea kama mtu aliyeamshwa na wageni. Ndege hudihudi akaja kuchokoa tope. Saidi akakwea mitende na maua ya dume kuyatia katika majike, na wadudu wakafuata, na popo wakaongezeka. Nilimsimulia Thuraya Alhamisi ile, na aliponisikiliza akasahau kutazama ukuta.

Tatizo ni kwamba popo hutoka wakati wa magharibi, na mtu aliyelelewa Unguja hakai nje saa hiyo kwa kuogopa majini, sembuse mgonjwa.

"Ingia ndani," mavyaa alikuwa akiita. "Wakati huu si wa kwetu, ni wa wenyewe."

"Dakika moja, Mama."

"Dakika moja ndiyo wanayoitaka."

Kisha siku moja, Ramadhani inakaribia, Seif akampeleka mavyaa mjini kuzungumza kwa simu na mdogo wake aliyebaki Unguja. Akarudi rangi imemtoka. Ikiwa umekaa Unguja au Pemba mwaka ule, unajua alichoambiwa. Popobawa, lile jinni la mbawa linaloingia majumbani na kuwalalia watu, limeanzia Pemba na sasa limevuka. Watu wanalala nje, wamewasha mioto, hakuna anayethubutu kubaki chumbani peke yake. Mdogo wake mwenyewe alikuwa analala barazani na majirani.

Hakuvua hata buibui. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya nyumba ya udongo, akasimama anatazama lile dirisha.

"Na sie tunao nyumba nzima," akasema. "Saidi! Lete makuti makavu na kibiriti. Wafukizwe watoke wote, kisha tundu lizibwe."

Saidi akaenda kuleta makuti. Mimi, niliyekuwa nashikwa mkono kwenda chooni, niliinuka peke yangu. Nikafika mlango wa nyumba ya udongo kabla yake nikakaa kizingitini, kwa sababu kusimama kulinishinda.

"Mama, hawa ni popo tu. Wadogo kama kidole."

"Watakua!"

"Hawakui. Ndivyo walivyo."

"Hivyo ndivyo walivyodhani Pemba." Nilikuwa sijawahi kumwona anaogopa kitu, si siku ya kufa kwa mumewe, si siku nilipokatwa. "Ondoka, Raya. Moshi utakudhuru."

"Siondoki."

"Mgonjwa gani huyu anayekumbatia mapopo!"

"Ndio kitu pekee ninachokitaka kwa siku nzima," nikamwambia, na nikaanza kulia kwa hasira. "Chakula sikitaki. Watu siwataki. Nataka magharibi iingie niwaone. Ukiwatoa, nitangojea nini?"

Saidi alisimama na makuti yake, anatazama pembeni. Mavyaa akawa anavuta ncha ya leso yake, na mimi nikijua anapiga hesabu, kwa sababu ni mwanamke aliyefanya biashara ya vitambaa miaka mingi.

"Basi sikiliza," akasema. "Nitakuachia popo wako, na wewe utakwenda kupigwa sindano zako. Zote. Siku utakayokataa kwenda, siku hiyo hiyo nawafukiza. Wallahi nawafukiza."

"Mama—"

"Mie nshasema. Wao kwa sindano."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu nilikuwa nimechoka na kizingiti kilikuwa baridi, na kwa sababu dirishani walikuwa wameanza kutoka.

Sindano ya tano iliangukia wiki ya kwanza ya Ramadhani. Chumba cha kungojea kilikuwa hakina kahawa wala tende, na sisi tusioweza kufunga tuliona haya kunywa maji mbele ya wasindikizaji wetu. Nesi wa Kihindi aliliona hilo bila kuambiwa. Alivuta pazia pembeni mwa chumba, akaweka jagi na vikombe, akawa anatuita mmoja mmoja kama anatupima joto. Jina lake sikulijua na kila Ramadhani namwombea. Bi Maryam hakuwepo. Alikuwa amemaliza, wakasema, yuko kwake Nizwa analima vitunguu saumu.

Damu ilikubali. Nikapigwa.

Na mavyaa akatimiza upande wake, nami ndipo nilipoona bei yake. Magharibi aliweka futari nje, kando ya birika, kwa sababu mimi nataka kukaa nje na yeye haniachi peke yangu. Anafungua kwa tende moja, anakunywa maji, kisha anajifunika leso mpaka machoni, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti huku popo wanapita juu ya kichwa chake kuyaendea maji. Mmoja alimpitia karibu mpaka leso ikapepea, akafumba macho akaongeza sauti, lakini hakuinuka. Nilimwambia aingie ndani, mimi nitakuwa salama.

"Na wakikuchukua, sindano ya sita atapigwa nani?"

Hakuwazoea. Nisikudanganye kwamba aliwazoea.

Siku kumi baadaye homa ikanirudia, mbaya kuliko ya kwanza, nikalazwa hospitali ya hapa Ibra. Seif alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Hapo ndipo nilipodhani nakufa. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti, niliona tu feni la darini na nikafikiri kwamba Thuraya hajui kupika wali usioshikana. Mavyaa alibaki shambani peke yake, maana mbuzi na kuku walikuwa hawana wa kuwatazama usiku. Na katika homa ile nilikuwa na wazo moja la kitoto, kwamba sasa atawafukiza. Mimi sipo, sindano imeahirishwa, hakuna atakayemzuia.

Niliporudi nilikuwa sibebi hata mkoba. Alinipokea getini, akanishika kiuno, na kabla hajaniuliza hali akasema:

"Wako wote. Juzi walichelewa kutoka, kulikuwa na upepo, nikaingiwa na wasiwasi. Jana wametoka vizuri."

"Uliwatazama, Mama?"

"Si tulipatana?"

Alikuwa amekaa nje kila magharibi, peke yake, mwanamke yule, anafuturu chini ya kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani, ili nikirudi awe na la kuniambia. Nilimkumbatia pale getini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote ile, na sote wawili hatukujua tuweke wapi mikono.

Ya sita nilipigwa baada ya Idi, ndege keremkerem wameshafika na wanapiga kelele juu ya nyaya za umeme. Tulirudi alasiri. Mavyaa alikuwa ananingoja.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, Mama."

"Hakuna ya saba?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi." Akainua mikono akaomba dua ndefu, akajipangusa uso. Kisha akageuka. "Saidi! Lete makuti na kibiriti."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu uliokatwa. Yeye hakucheka. Mapatano ni mapatano, na yamekwisha.

"Mama, ngoja. Daktari anataka kuniona tena baada ya miezi mitatu. Na baada ya hapo tena, na tena. Miaka mitano. Bila hivyo hawajui kama yamekwisha."

"Miaka mitano!" Akakaa kwenye ukingo wa birika. Akatazama dirisha, akanitazama mimi, akalitazama tena dirisha. Kisha akachukua kibiriti mkononi mwa Saidi, akakifunga katika pindo la leso yake. "Basi miaka mitano. Na usikose hata siku moja."

Sikukosa. Tulirudi kuishi mjini, nywele zikaota zikiwa na mawimbi ambayo sikuwa nayo zamani, nikarudi darasani. Lakini kila mwaka baridi inapovunjika tulihamia shambani sote, na Thuraya ndiye aliyekuwa wa kwanza kutandika busati. Habari za popobawa zilikuja zikapoa huko Unguja. Kila nikitoka Maskati, mavyaa aliuliza swali moja, wanasemaje, nami nilimjibu nirudi tena, naye akasema hewalla. Kati ya swali lake na jibu langu kulikuwa na hofu ambayo wewe unayesoma utaijua. Haiishi na sindano. Inapungua tu, kama ganzi ya vidole.

Mwaka wa elfu mbili, mwanzoni mwa joto, daktari mpya, kijana, alizifunga karatasi zangu akasema sina haja ya kurudi tena kwake. Seif alilia katika uwanja wa magari, mwanamume ambaye sikumwona akilia siku zote zile, na ilitubidi tungoje mpaka aweze kuendesha.

Tulifika shambani jua linakaribia kuzama. Mavyaa alikuwa kando ya birika, amezeeka, amejifunika leso, tayari ameshaanza kusoma.

"Wanasemaje?"

Nilifungua mdomo kumpa habari ile aliyoiombea miaka mitano. Nikaliona dirisha.

"Wanasema bado, Mama. Nirudi tena."

Nyuma yangu Seif alikohoa. Mavyaa akanitazama nywele, akanitazama mashavu yaliyojaa, akamtazama mwanawe, macho yamemvimba kwa kilio na mdomo hauwezi kuzuia cheko.

"Hewalla," akasema, akasogea kunipa nafasi. "Basi watabaki."